Mpaka Majina Yabandikwe

Daegu, 20 Novemba 1973

Mdogo wangu Chilsong,

Hujambo huko Ujerumani? Mgongo unakuuma bado? Sisi huku wazima, isipokuwa baridi imewahi mwaka huu, na juzi tumemaliza kuchachusha kabichi za majira yote ya baridi. Mkeo Ulsun alisugua chumvi pamoja nami mpaka nikamfukuza uani, maana tumbo limeshatangulia mbele na yeye hajui kukaa kitako. Mkunga alimpapasa akasema mtoto atakuja mwanzoni mwa Februari. Anakula vizuri. Viazi vitamu vya kuchoma anavimaliza yeye, halafu anamsingizia paka.

Sasa lililo moyoni. Mwanangu Kyutae amefanya mtihani wa kwanza, ule wa nchi nzima. Tangu baba yake afariki nimeshona mafarashi ya watu kwa ajili ya siku hii, na nilipomwona anaingia langoni, shingo yake nyembamba kama ya kuku, nilisahau hata kumpungia mkono. Sote akina mama tulisimama nje tangu alfajiri. Nilibandika peremende yangu ya mchele kwenye nguzo ya lango, maana ikinata, na mtoto atanata chuoni, nayo ikanata vizuri. Ya mama aliyekuwa kando yangu ikaanguka matopeni. Sikuthubutu kumtazama usoni.

Majibu ya huu wa kwanza yatatoka kabla ya mwaka kwisha. Akipita, atafanya wa pili Januari, wa chuo chenyewe cha udaktari kule Seoul, na majina yatabandikwa ukutani tarehe thelathini. Mpaka siku hiyo, nyumbani kwangu mwani haupiti mlango. Supu ya mwani inateleza, na anayeinywa huteleza nayo. Wewe hilo huhitaji kuambiwa. Siku ya mtihani wako iliangukia siku yako ya kuzaliwa, na marehemu mama hakuweza kumwacha mwanawe wa kiume bila supu ya kuzaliwa. Ulikunywa bakuli mbili ukaomba ya tatu. Leo unachimba makaa ya watu wengine.

Hata neno "kuanguka" tumelifukuza. Juzi Ulsun alidondosha kijiko, akaniangalia kwa hofu, akasema, "Wifi, kijiko kimeshuka." Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Niombee. Wewe ndiye mwanamume pekee aliyebaki kwetu, na neno lako nalisikiliza hata nikijifanya silisikii.

Dada yako,
Okbun


Ujerumani Magharibi, 6 Desemba 1973

Dada yangu mkali,

Nimepokea barua yako nikiwa nimetoka zamu, uso mweusi, meno tu yanaonekana. Nimeisoma kabla ya kuoga, ndiyo maana hii ninayokujibu ina alama ya dole gumba pembeni. Mgongo hauniumi. Chakula ni viazi asubuhi, viazi mchana, na Jumapili viazi vimevaa siagi. Nimenenepa, usihuzunike.

Mwambie Ulsun paka hali viazi vitamu. Mwambie pia nimemcheka peke yangu kitandani mpaka Bae akanirushia kiatu. Bae ni yule mwenzangu wa chumba niliyekutajia, mtu wa pwani kwao Gijang, mkewe anaanika mwani. Nilipomsomea sheria yako aliguna: "Wewe na dada yako mna wazimu. Kwetu tungefuata hiyo, watoto wote wangekufa njaa." Nikamwambia watu wa kwao wanafeli, si ndiyo? Akasema, "Ndiyo, lakini tumeshiba."

Dada, mimi si Bae. Bakuli zile mbili bado naziota. Nilikuwa na miaka kumi na tano, swali la tatu la hesabu nalijua, na ghafla kichwa kikawa cheupe. Sisemi ni supu. Sisemi si supu. Wiki iliyopita ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Bae, akapika mwani kwenye jiko la bweni, harufu ya nyumbani ikajaa ukumbi mzima, watu wazima wakilengwalengwa na machozi. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye theluji mpaka wakaosha sufuria. Kwa ajili ya Kyutae. Kwa hiyo sheria yako naigongea muhuri: hakuna mwani, kwako wala kwangu, mpaka majina yabandikwe. Mtoto wangu anakuja Februari, majina yatakuwa yameshatoka. Hapo sasa mpikie Ulsun supu ya mwani ya mzazi, ile ya kuleta maziwa, mpaka akukimbie.

Mwambie Kyutae mjomba wake anachimba huku ili yeye asichimbe popote.

Mdogo wako,
Chilsong


Daegu, 23 Desemba 1973

Mdogo wangu,

Za huko? Hapa theluji imefika magotini na bomba limeganda, tunachota kwa jirani yetu muuza tofu. Wote wazima.

Amepita! Kyutae amepita ule wa kwanza! Mwalimu wake alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Nilimkaribisha ndani nikasahau nimeshika ufagio, nikamhudumia chai na ufagio kwapani. Furaha ile ilinikaa mpaka jioni tu. Jioni nikaanza kuwaza wa pili. Wa kwanza wanapita wengi, Chilsong. Wa pili, kwa kila anayechukuliwa kuna wanne wanaorudi kwao wameinamisha vichwa. Naamka nikiwa nimeuma meno mpaka taya linauma.

Nimeanza kupanda kwa Buddha wa mawe kule mlimani. Unajua wasemavyo, kila mtu anapewa ombi moja tu. Langu nimeshalitoa.

Mtihani ni tarehe kumi na moja Januari. Ulsun ameomba kalamu, namwachia hapa chini. Mwandiko wake umelala, usimcheke, alisoma miaka minne tu.

Okbun

Mume wangu, mimi Ulsun. Mtoto anapiga teke Kyutae akisoma kwa sauti. Wifi anasema atakuwa msomi. Mimi naona anataka anyamaziwe. Wifi ananipa mapaja ya kuku, yeye anakula shingo. Usishuke shimoni na njaa.


Ujerumani Magharibi, 5 Januari 1974

Dada, na wewe Kyutae, na wewe Ulsun,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote! Nimewanunulia bweni zima bia kwa ajili ya Kyutae, na Bae amekubali kwamba huenda sheria ya dada ina maana. Mistari ya Ulsun naibeba mfukoni hadi chini ya ardhi. Imeshakuwa myeusi, lakini nimeshaikariri.

Habari njema: mke wa Bae anakuja Daegu kumwona ndugu yake, atapita kwenu na mwani wa mzazi. Ule mrefu wenyewe, usiokatwa wala kukunjwa, kama anavyostahili mwanamke anayejifungua salama. Najua sheria, Dada, usinikodolee macho. Uweke nje kwenye mitungi ungoje siku yake.

Ulsun aniandikie zaidi. Miaka minne ya shule inatosha kumwandikia mume.

Chilsong


Daegu, 14 Januari 1974

Mdogo wangu,

Salamu. Barua yako mpya sijaiona, nadhani theluji imezuia posta. Hatujambo. Kazi za mafarashi zimepungua, wa kujifunika wameshajifunika.

Kyutae amefanya mtihani wa pili. Tulilala kwa jamaa wa marehemu mume wangu huko Seoul. Alipotoka ukumbini nilimkimbilia, nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Nimeandika." Vipi swali la hesabu? "Nimeandika, mama." Ndani ya treni alilala kinywa wazi kama mgonjwa. Tangu hapo ananijibu kwa mkato.

Siku hazisogei, Chilsong. Hujui jinsi siku inavyoweza kukataa kwisha. Nikishona, uzi unakatika. Mtu akipita nje na viatu vizito nasema ni mwalimu, anakuja kuniambia jambo. Asubuhi napanda mlimani hata kukiwa na barafu, na huko tunakutana akina mama wale wale, tunaamkiana bila kuulizana. Mmoja alikuwa anasugua namba ya mtihani ya mwanawe kwenye jiwe kwa kidole mpaka kidole kikatoka damu. Zamani ningemwita mwehu. Nilikaa kando yake nikamshikia mshumaa. Mengine yote yaliyonijia kichwani njiani nayasukuma, kwa maana ombi ni moja.

Juzi Kyutae ameniambia, "Mama, mtihani umeisha. Karatasi zimefungwa kwa lakiri. Sasa supu itafuta nini?" Nikamwambia, "Majina hayajabandikwa." Akasema, "Wewe una moyo gani?" Mwanangu huyu, ambaye hajawahi kunipandishia sauti. Ni wasiwasi tu unamsumbua, sote unatusumbua.

Ulsun yupo, anapumzika. Hajaandika kwa sababu mkono unamuuma. Usiwe na shaka.

Tarehe thelathini. Niombee, Chilsong, niombee sana, hata kama hujui kuomba.

Okbun


Ujerumani Magharibi, 28 Januari 1974

Dada,

Salamu zako zimefika. Zangu utanisamehe leo.

Jana tulipotoka zamu, Bae alikuta barua ya mkewe. Alianza kuisoma bafuni, pale tunapooga sote, mara akapiga kelele, "Chilsong, mnafiki wewe, umetuficha!" Akasoma kwa sauti. Mkewe anasema alifika kwako tarehe kumi na mbili na mwani wake, akakuta kamba ya majani ya mpunga imetundikwa langoni, ina vipande vya makaa na vijiti vya msonobari. Yaani mtoto ameshazaliwa, wa kike. Kwa kuwa kamba hairukwi na mgeni, aliuacha mzigo chini ya lango akaenda zake. Anatutakia heri mimi na mke wangu.

Watu arobaini uchi, Dada, wananishika mkono na sabuni. Nikawa nacheka nao. Ulitaka niseme nini? Kwamba nimepata habari za binti yangu kutoka kwa mke wa mtu?

Leo asubuhi ndipo imekuja yako ya tarehe kumi na nne. Ulsun anapumzika. Mkono unamuuma. Nimeisoma mara nyingi. Siku unaiandika, kamba ilikuwa langoni kwako, umeisokota kwa mikono yako mwenyewe. Nikarudi pale kwa Kyutae: supu itafuta nini. Nikaelewa supu ya nani.

Sheria niliigongea muhuri, sikatai. Niliigonga nikidhani mtoto ni wa Februari. Huyu amekuja kabla ya siku zake, mdogo, na mama yake hajapewa bakuli la kwanza ambalo hata mjane wa ombaomba hupewa na jirani! Bibi wa uzazi anayewalinda wachanga, sadaka yake umemwekea nini pale kichwani kwa mtoto? Wali mkavu? Ulsun ana maziwa? Niambie kwa neno moja, anayo au hana?

Nimekwenda posta kabla ya zamu nikapeleka simu ya maandishi: MPIKIE ULSUN SUPU YA MWANI LEO. CHILSONG. Itafika kabla ya barua hii. Ninachojua ni kwamba itafika kabla ya tarehe thelathini, na sijali. Kama Kyutae amepita, amepita. Kama hakupita, nitachimba miaka mingine, ataufanya tena mwakani. Binti yangu hana mwakani.

Dada, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mama alipokuwa mashambani. Nakuomba kwa mgongo huo. Mpikie.

Chilsong


Daegu, 12 Februari 1974

Chilsong,

Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaitia jikoni. Salamu sina, na za familia ndizo hizo ninazokuja kukuandikia.

Mtoto alizaliwa tarehe ishirini na nane Desemba, jioni, kabla mkunga hajafika. Nilimpokea mimi. Mdogo, angeweza kulala ndani ya kiatu changu, lakini alilia. Nilimpelekea Ulsun mchuzi wa figili na nyama. Alilitazama bakuli akajua. Akasema, "Wifi, usijali, nitangoja." Nilisikia sauti aliyosemea. Nikajifanya nimesikia maneno tu.

Nilisema ni siku chache. Maziwa yalikuja kidogo, yakapungua, yakakatika. Mke wa muuza tofu alikuwa ananyonyesha, akawa anamsaidia mara moja kwa siku, muda uliobaki tulimpa maji ya wali. Alilia, Chilsong. Hakulia kwa nguvu, alikuwa anakwaruza tu kama mtu anayepasua karatasi, mchana na usiku, nyuma ya mlango wa chumba alichosomea Kyutae. Nilimtia Kyutae pamba masikioni. Nilidhani nimemaliza kazi.

Mwani wa mke wa Bae nilioukuta langoni niliusukuma nyuma ya mitungi. Kyutae akauona. Siku moja baada ya mtihani nilikuwa mlimani, naye akapika. Hajawahi kupika chochote, aliukata kwa mkasi wangu wa mafarashi. Ulsun akakataa kunywa, akasema, "Ukianguka watasema nimekuangusha mimi." Basi Kyutae akanywa kwanza bakuli zima mbele yake, akamwambia, "Haya, nimeshaanguka, sasa kunywa." Niliporudi nilisikia harufu kutoka barabarani. Ulsun alikuwa na kijiko mkononi, hajakifikisha mdomoni. Nilichukua sufuria nikaimwaga mtaroni. Nilifanya hivyo, Chilsong. Mvuke ulipanda kutoka kwenye theluji na majirani wakaona. Ulsun alikirudisha kijiko sahanini polepole, kisilie.

Simu yako ilifika tarehe ishirini na tisa, jioni. Tarishi alinisomea kwa sababu macho yangu yaligoma. Niliikunja nikaitia kifuani. Nikasema, kesho tu. Kesho saa nne majina yanabandikwa, nikirudi nampikia kwa sufuria ya harusi. Umewahi kuona mtu amebakiza siku moja akaitupa? Mimi sikuweza.

Tulikwenda na Kyutae. Ukuta ulikuwa umefunikwa kwa karatasi na watu wamejaa, wengine wanarushwa juu na rafiki zao. Nikasoma namba iliyo kabla ya yake. Nikasoma iliyo baada ya yake. Nikarudi juu nikaanza upya, na mara ya tatu nikafuata kwa kidole, nikidhani labda wameikosea mahali. Kyutae alinishika kiwiko. "Mama, haipo. Twende."

Unajua nilichosema? Pale, mbele za watu? "Ni ile supu! Ulikunywa ile supu!"

Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia. Akasema, "Mama, supu nimekunywa baada ya mtihani. Kabla ya mtihani nilimsikia mtoto. Wiki mbili. Pamba zako hazikuziba kitu. Niliingia mle ndani nikafungua karatasi ya hesabu, ukumbi uko kimya, na mimi bado namsikia. Nilijua kila swali. Nilikuwa nawaza tu kama amepata chochote asubuhi ile."

Mzee mmoja aliyekuwa karibu alivua kofia akatupisha.

Tulirudi jioni. Chumba cha Ulsun kilikuwa kimefagiwa, sakafu baridi, farashi limekunjwa vizuri. Muuza tofu akasema kaka yake Ulsun alikuja na gari la kubeba samaki, akawachukua kwao Yongdok wakiwa wamefunikwa magunia. Ulsun alikuwa hajui habari za simu yako. Mpaka anaondoka, aliamini na wewe umekubali anyimwe.

Nimekwenda Yongdok siku tatu baadaye na kila mwani nilioweza kununua. Wiki tatu za uzazi zimeshapita, Chilsong, kamba huwa inateremshwa, lakini kwao wameitundika upya, mpya kabisa, majani bado yananukia. Mama yake Ulsun akatoka akasimama upande wa ndani. Akaniuliza, "Mama Kyutae, kijana amefaulu?" Nikasema hapana. Akasema, "Pole sana. Njia ina barafu, rudi kabla ya giza." Alinisemesha kwa adabu yote. Nilimpa simu yako juu ya kamba ili Ulsun ajue hukukubali, akaichukua. Mwani hakuupokea. Nikiwa bado nimesimama pale nikamsikia mtoto. Analia kwa sauti kubwa sasa, kilio cha mtoto aliyeshiba anayekataa kulazwa.

Kyutae alikwenda juzi peke yake. Yeye walimwinulia kamba akapita. Ameniambia mashavu ya mtoto yameanza kujaa na Ulsun anamnyonyesha mwenyewe, maziwa yamerudi. Zaidi ya hapo nikimuuliza anasema, "Mama, nenda ukaulize." Anataka kwenda jeshini kwanza. Mambo ya chuo hayazungumzwi hapa tena.

Sikuombi unisamehe, maji yakimwagika hayazoleki. Nina jambo moja tu. Mtoto nilimpokea kwa mikono hii, nikamwosha, nikamwita "wewe" mwezi mzima, kwa sababu jina ni la baba kutoa na baba nilikuwa nimemficha habari. Sasa bila shaka umeshampa. Niandikie jina lake, Chilsong. Kingine chochote unaweza kuacha.

Okbun


Ujerumani Magharibi, 26 Februari 1974

Dada,

Barua imefika. Mimi mzima. Baridi imeanza kupungua.

Mwambie Kyutae nimemwandikia kwake mwenyewe, bahasha imekwenda kwa muuza tofu. Mwambie hakuangushwa na kitu alichokunywa, wala mimi zamani zile sikuangushwa na mama. Na muhuri ule niliugonga kwa mkono wangu, sitakuachia ubebe peke yako. Lakini siku nilipokuomba, uliyemnyima si mimi, ni Ulsun na mtoto.

Nyumba usiiache ikapoa kwa ajili ya kubana makaa. Umri wako hauruhusu tena.

Jina la mtoto nimempelekea mama yake. Yeye akipenda, atakutajia.

Chilsong